Dramu Moja, Saa ya Simu na Gasketi ya Katoni

Simu iliingia kabla ya saa moja asubuhi, mimi nikiwa ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo.

"Fundi, pampu imekufa."

"Haizunguki?"

"Inazunguka."

"Haitoi mafuta?"

"Inatoa."

"Sasa imekufaje, mama?"

Akanyamaza kidogo. "Imekufa kiasi."

Nimefungua pampu za gia huku Industrial Area, Nairobi, miaka mingi, na sijasikia ugonjwa wao ukielezwa vizuri kuliko hivyo. Pampu ya gia haifi kama balbu. Hufa kiasi, leo kidogo, kesho kidogo, na siku ya kugunduliwa imeshakula miezi ya umeme na ya watu kukaa wakisubiri.

Aliyepiga simu ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha sabuni, hatua chache kutoka Lunga Lunga Road. Pampu yao huvuta mafuta ya mawese kutoka tangi la nyuma, ikayasukuma ndani ya bomba la inchi moja linalozunguka ukuta karibu wote, mita mia na ushee, hadi chungu cha kupikia kilichoko juu, kama mita 10 hivi. Zamani chungu kilijaa kabla chai haijapoa. Sasa watu wanamaliza chai, wanaosha vikombe, bado kinajaa. Bosi wao alikuwa ameshapata bei ya pampu mpya, kubwa zaidi, bei ya tarakimu sita. Nikamwomba vitu viwili kabla hajatoa hela: dramu tupu ya lita 200, na nusu saa.

Kijana yeyote anayekuja karakana kwangu kujifunza kazi hulikuta swali hili mlangoni: mafuta yanapita wapi? Namfungulia pampu, gia mbili zimeshikana meno, naye bila kusita ananyooshea kidole pale katikati zinapokutana. Wote hukosea, na mimi nilikosea siku yangu. Pale katikati ndipo mlango unapofungwa. Mafuta hupita pembeni: kila pengo kati ya jino na jino hubeba fungu lake, likizungushwa likigusa ukuta wa pampu, hadi upande wa pili ambako meno yanaposhikana hulikamua litoke. Basi. Hakuna vali wala pistoni. Johannes Kepler, yule mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alichora pampu ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 17, na ukimwonyesha ya leo angeitambua bila kuelezwa.

Kwa sababu kila pengo lina ujazo wake, pampu hii inahesabika. Kibati cha pampu ya sabuni kilikuwa kimepakwa rangi mara nyingi hadi kikafanana na ukuta. Nilikisugua kwa tambara na thina, kikasema mililita 82 kwa mzunguko. Mota ni ya mizunguko 960 kwa dakika. Zidisha: lita 78.7 kwa dakika. Hiyo ndiyo ahadi.

Vibati vingine huongopa, hasa pampu ikiwa imewahi kuchongewa gia mpya Kariobangi. Baadaye nilipoifungua nikahakikisha kwa vania, chombo cha kupimia vipenyo. Kipenyo cha gia kutoka ncha hadi ncha, 70 mm. Kutoka katikati ya shafti moja hadi katikati ya nyingine, 60. Upana wa jino, 40. Kipenyo mara chenyewe, utoe umbali wa shafti mara wenyewe: 4,900 toa 3,600, unabaki na 1,300. Zidisha kwa upana, kisha kwa 1.57, ambayo ni nusu ya pai. Unapata milimita za ujazo 81,640, yaani karibu mililita 82. Kibati kilisema kweli. Hesabu hii imenisaidia kwenye pampu zisizo na jina wala baba, zile za kununuliwa kwa kilo.

Turudi kwenye dramu. Tukafungua bomba kule juu, mafuta yakiwa na nyuzi 50, kijana wangu akashika saa ya simu. Dramu ilijaa kwa dakika 3 na sekunde 8. Hiyo ni lita 64 kwa dakika. Ahadi 78.7, iliyofika 64: asilimia 81. Zile lita karibu 15 zilikwenda wapi, na sakafu ni kavu?

Zilirudi nyuma. Mafuta upande wa kutokea yana presha, upande wa kuingilia hayana, na kati yao kuna nyufa tatu: juu ya ncha za meno zinapopita ukuta, pale meno yanaposhikana, na kwenye mbavu za gia, yaani kati ya uso wa gia na kifuniko. Mimi huyaita mafuta hayo watoro. Yalihesabiwa asubuhi kama wanafunzi, yakapita uani, yakarudi mwanzo. Umeme wa kuyasukuma umeshalipwa.

Kuhusu umeme, hesabu yake ni fupi. Lita kwa dakika mara baa, gawa kwa 600, unapata kilowati. (Nasema baa za presha, si zile za Ijumaa jioni.) Geji ilisoma baa 4, 64 mara 4 gawa kwa 600 ni 0.43. Mota ilikuwa ikivuta karibu kilowati 1. Zaidi ya nusu ya umeme iliishia kwenye mota yenyewe, beringi, sili, mafuta yakisuguana na vyuma, na watoro. Ndiyo maana anayekwambia "ufanisi wa pampu" muulize upi: wa ujazo, wa kusukuma, au wa vyote viwili vikizidishwa. Muuzaji atakutajia ule mzuri.

Sasa kosa langu.

Bosi wa kiwanda alikuwa na inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, imekaa stoo, akauliza mbele ya watu wake: tukipunguza kasi ya pampu iwe nusu, si tutaokoa umeme? Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nikamwambia, mzee, watoro hawajali kasi. Wanasukumwa na presha, na nyufa ni zile zile. Ukipunguza kasi nusu, ahadi inashuka hadi 39.4, watoro wanabaki karibu 15, unapata kama lita 25 tu. Dramu itachukua dakika 8. Nikaandika 8 ukutani kwa chaki, kwa mbwembwe.

Wakafunga inveta. Dramu ilijaa kwa dakika 6 na nusu.

Hakuna aliyecheka, na hilo liliuma zaidi. Nilikaa juu ya debe nikalitazama lile bomba, ndipo nikaona. Ni kweli watoro hufuata presha, lakini nilikuwa nimeisahau presha inatoka wapi. Pampu ya gia haitengenezi presha. Inatengeneza mwendo; presha hudaiwa na kilichoko mbele. Katika zile baa 4, kasoro moja hivi ni uzito wa mafuta kupanda mita 10, hiyo haibadiliki. Baa 3 zilizobaki ni msuguano ndani ya bomba refu jembamba, na kwa mafuta mazito yanayokwenda taratibu, msuguano hupungua sawasawa na mwendo. Punguza mwendo nusu, msuguano unakuwa nusu. Geji yenyewe ilikuwa imeshuka hadi chini kidogo ya baa 2.4, mbele ya macho yangu, mimi nikiangalia chaki. Presha ikishuka, watoro nao wanapungua. Nikirudia hesabu hivyo napata lita 30.6, na dramu ya dakika 6 na nusu.

Ingekuwa pampu hiyo inasukuma kitu chenye presha isiyobadilika, utabiri wangu wa kwanza ungesimama. Na ukitafakari vizuri utaona jambo jingine la ajabu kwenye bomba kama lile: hata joto halibadilishi sana. Pasha mafuta, yanakuwa mepesi, watoro wanapata njia rahisi. Lakini mafuta mepesi yanapita bombani kwa presha ndogo, kwa hiyo presha inayowasukuma watoro nayo imechoka. Karibu yanafutana. Nimeona watu wakinunua hita kwa sababu ya kutojua hili.

Bosi naye alikuwa sahihi kuhusu umeme, ila si kwa kiasi alichodhani. Kwa lita elfu moja, kasi nzima ilikula robo uniti. Kasi ya nusu, kama 0.2. Wanahamisha lita 10,000 kwa siku. Akiba ya siku nzima ni nusu uniti, ambayo hainunui mandazi ya watu wawili, na watu wake wanakaa mara mbili zaidi wakisubiri. Inveta ikarudi stoo.

Jumamosi tukaifungua.

Kifuniko kilipotoka niliona gasketi, na nikaona maandishi. Herufi nusu za rangi ya buluu, nyuma yake kijivu. Mtu alikuwa ameikata kutoka kwenye katoni. Aliikata vizuri, siwezi kumdharau. Matundu ya bolti yalikuwa ya mviringo kamili, amegongea pembeni ya chuma kwa nyundo ya kichwa cha duara, kama tulivyofundishwa. Kijana wangu akaanza kusonya, nikamzuia. Najua usiku wa namna hiyo. Kifuniko kinavuja, sabuni iko chunguni, karatasi ya gasketi iko dukani na duka limefungwa, na msimamizi amesimama nyuma yako akipumua. Yule fundi alizuia mafuta yanayovuja nje. Hakujua kwamba ameyafungulia yanayovuja ndani.

Kwenye pampu nyingi za presha ndogo, gasketi haizibi tu. Unene wake ndio unaoamua nafasi kati ya gia na kifuniko. Pampu hii gia zake na mwili wake vilikuwa na kina kimoja, kwa hiyo unene wa gasketi ndio nafasi yenyewe. Nikalaza vipande vya waya wa risasi juu ya uso wa gia, tukafunga bolti zote, tukafungua tena, nikapima waya uliopondeka kwa maikromita: 0.25 mm. Karatasi inayotakiwa ingeacha 0.10.

Tofauti ya 0.15, unene wa unywele mmoja au miwili, mtu ataiona upuuzi. Lakini mafuta ndani ya ufa mwembamba hayapiti kwa kipimo cha upana wa ufa. Hupita kwa upana mara wenyewe mara wenyewe tena. Ongeza ufa mara mbili, watoro wanakuwa mara nane. Hapa umeongezeka mara 2.5, watoro mara 15 na zaidi. Sheria nyingine zote za pampu ni za adabu: presha ikiongezeka mara mbili, watoro mara mbili, mnato (uzito wa mafuta kutiririka) ukishuka nusu, watoro mara mbili. Nafasi peke yake ndiyo haina adabu. Ndiyo maana nikitaka kujua pampu itafanyaje mwaka ujao siangalii gia, naangalia nafasi.

Nikakata gasketi ya karatasi. Nikaandika utabiri wa pili ukutani, safari hii kwa herufi ndogo: 2:35. Tukajaza dramu. 2:47.

Sekunde 12 zilinisumbua wikendi nzima. Lita 71.9 kwa dakika, asilimia 91, kila mtu kafurahi, mama wa zamu kaniletea soda, mimi nawaza sekunde 12. Jibu lilikuwa kwenye picha niliyopiga pampu ikiwa wazi. Presha huzisukuma gia kuelekea upande wa kuingilia, na miaka ikipita meno huuchonga ukuta wa upande huo, yakaacha alama kama mwezi mchanga. Alama ilikuwepo, inang'aa. Mimi nilikuwa nimewahesabu watoro wote kana kwamba wanapita mbavuni. Zaidi ya theluthi yao walikuwa wakipita juu ya meno, na hao gasketi haiwahusu.

Kwa wanaopenda kanuni: katika miaka ya 1940 mhandisi Mmarekani, W. E. Wilson, aliyaweka haya kwa namna ambayo mpaka leo inatumika. Ukipima pampu yako vizuri mara chache, unapata namba tatu zake, moja ya uvujaji, moja ya mafuta kukokotana na chuma, moja ya msuguano mkavu. Baada ya hapo ufanisi wote unategemea kitu kimoja: mnato mara kasi gawa kwa presha. Chora, unapata kilima. Upande wa kushoto, mafuta mepesi au kasi ndogo au presha kubwa, ufanisi unashuka kwa sababu ya watoro. Upande wa kulia, mafuta mazito mno, watoro wameisha lakini mota inahangaika kukoroga uji. Kileleni ni pembamba kuliko katalogi inavyokuonyesha, maana katalogi imepimwa kwa mafuta ya aina moja, kwa joto moja, pampu ikiwa mpya.

Upande wa kushoto wa kilima nimeuona kwenye mashine za kubana karatasi taka. Pale presha hupanda mpaka baa 150 na zaidi, na haidaiwi na bomba, inadaiwa na robota la makatoni lisilokubali kubanwa. Asubuhi mashine ina nguvu. Ikifika saa nane mchana inabana kama mzee anayepanda ngazi. Mafuta ya haidroliki ya namba 68 yana mnato wa sentistoksi 68 kwenye nyuzi 40; yakifika nyuzi 70 yamebaki kama 20. Watoro mara tatu na zaidi. Na nguvu waliyopoteza inageuka joto lile lile linaloyafanya mafuta kuwa mepesi, ambayo yanaongeza watoro, ambao wanaongeza joto. Nimeitwa mara nyingi kubadilisha pampu nzima kumbe tangi ni dogo na kipoza kimejaa vumbi la karatasi.

Jambo la Nairobi, kwa kifupi, kwa sababu huwaponyoka hata wahandisi. Hapa tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa inayosukuma mafuta yaingie kwenye pampu ina presha ya karibu baa 0.83, ambapo Mombasa ni 1.01. Tofauti hiyo ni sawa na kunyang'anywa mita 2 za mafuta upande wa kuvuta. Pampu iliyokuwa ikivuta kimya Changamwe ikiletwa huku na kufungwa vile vile, asubuhi ya Julai mafuta ya mawese yakiwa yameanza kuganda, utaisikia ikitafuna kokoto. Hizo si watoro. Hayo ni mapengo yasiyojaa, na hakuna gasketi itakayoyatibu. Fupisha bomba la kuvutia, liongeze upana, teremsha pampu.

Kule kwenye sabuni tuliacha utaratibu. Kila Jumatatu kabla ya zamu, dramu ile ile, mafuta nyuzi 50, mama anaandika muda ukutani kwa chaki, chini ya ile 8 yangu ambayo alikataa ifutwe. 2:47. 2:47. 2:48. 2:47. 2:49. Nilimwambia ikifika 3:00 tuifungue, tuuchonge ukuta na kuutia bushi, na kwa jinsi inavyokwenda niliona hiyo ni mwakani, baada ya Pasaka.

Wiki jana akanipigia, kabla ya saa moja, kama kawaida yake.

"Fundi, pampu imepona zaidi."

"Pampu haiponi, mama."

"Ilikuwa 2:50. Leo ni 2:39. Nimerudia mara mbili."

Nikamwomba aende alipo, aizunguke dramu, aniambie anaona nini. Nikasikia viatu vyake, kisha kimya, kisha akaanza kumwita dereva wa foklifti kwa jina lake kamili.